Maiti ya Karen na swali la muuza nyanya

Jumamosi moja hapa Kamembe niliwaonyesha majirani filamu ya White Mischief ya mwaka 1987. Ina yale yale yaliyozipa sifa filamu za uhalifu za Hollywood za miaka ya 1940: mume mzee, mke kijana, mpenzi wa pembeni na bastola usiku. Tofauti ni kwamba mauaji haya yalitokea kweli, tena Nairobi, mji niliosomea tulipokuwa wakimbizi. Mara ngapi nilipita Karen kwa matatu bila kujua!

Alfajiri ya Januari 24, 1941, Waafrika wawili waliokuwa wakisafirisha maziwa walikuta gari aina ya Buick limeacha barabara. Ndani mlikuwa na maiti ya Lord Erroll, mkubwa miongoni mwa walowezi, amepigwa risasi kichwani. Akashtakiwa Jock Delves Broughton, ambaye mkewe Diana alikuwa mpenzi wa marehemu. Wakili wake, Harry Morris kutoka Johannesburg, alidai risasi zile hazikutoka katika bastola ya Colt kama zile za mshtakiwa. Jopo la raia wenzake likamwachia huru Julai 1, 1941. Mwaka 1942 Broughton alijiua Uingereza. Hakuna mwingine aliyepatikana na hatia.

Filamu ilipokwisha, mama mmoja aliyezoea kuvusha nyanya kwenda Bukavu akaniuliza: "Mwalimu, wale wa maziwa, katika jopo walikaa wapi?"

Nikamjibu kuwa hawakukaa popote. Kenya ya wakati ule, jopo la namna hiyo lilikuwa la Wazungu, kwa ajili ya Wazungu. Mwafrika aliweza kuikuta maiti, lakini si kuamua kesi.

Mama akanyamaza kidogo. Nilikumbuka kuwa yeye mwenyewe alikuwa inyangamugayo katika Gacaca, mahakama zetu za nyasini zilizofungwa mwaka 2012. "Kila wiki niliacha nyanya zangu siku nzima," akasema. "Wapo waliotudanganya mchana kweupe. Wapo walionichukia hadi leo. Lakini hakuna aliyeniambia: wewe ni muuza nyanya, nyamaza."

Naam, wasomaji wangu. Muuaji wa Karen hajulikani mpaka leo. Lakini usiku ule majirani hawakubishana tena nani alifyatua risasi. Walibishana nani ana haki ya kuamua.