Mafuta ya Mandazi na Dizeli ya Jakarta

Asubuhi za Julai pale njia panda ya Kaplong, mama wa mandazi husogeza mtungi wa mafuta karibu na jiko kabla ya kumimina. Baridi ya usiku imeyagandisha: chini meupe kama shahamu, juu bado majimaji. Mgeni atadhani yamechakachuliwa. Wala, ni mawese tu. Karibu nusu ya mafuta hayo ni ya ile aina inayoganda upesi, ambayo madaktari wa moyo hutuasa tuipunguze kwa kuwa hupandisha lehemu mbaya kwenye damu.

Tabia hiyo huyafuata mawese mpaka ndani ya tangi la lori. Baiodizeli hupatikana kwa kuchanganya kilo 100 za mafuta na kilo kama 10 za methanoli, pamoja na soda kali kidogo, ile ya kutengenezea sabuni. Gliserini huzama, baiodizeli huelea juu. (Usijaribu nyumbani, methanoli hupofusha na huua.) Ikitoka kwenye mawese, huanza kufanya ukungu joto likishuka hadi nyuzi 15 hivi. Huku kwenye majani chai, Kericho ikiwa mita 2,000 hivi juu ya bahari, usiku hufika nyuzi 10. Lori likilala na baiodizeli tupu ya mawese, alfajiri dereva atakuta chujio limeziba.

Jakarta hawana shida hiyo. Indonesia, mzalishaji mkubwa wa mawese kuliko wote duniani, ililazimisha dizeli yake ichanganywe na asilimia 30 ya baiodizeli mwaka 2020, ikapanda hadi 35 mwaka 2023, kisha 40 mwaka 2025. Kwao ni hesabu nzuri: dizeli ya kuagiza inapungua, mkulima anapata soko. Lakini mawese yanayochomwa kule hayafiki bandari ya Mombasa, na sisi karai letu linategemea meli. Aprili 28, 2022, huku alizeti ya Ukraine ikiwa imekwamishwa na vita, Indonesia ilifunga mauzo ya nje hadi Mei 23. Anayenunua mafuta ya kupima hakuhitaji gazeti limweleze bei imekwenda wapi.

Ndiyo maana naona Kenya ingekosea kuiga sera hiyo kwa mafuta ya kula. Hata kwa mmea usioliwa tulishajaribu: mbono, tukaambiwa unastawi hata penye ukame. Ulistawi kweli, ila mbegu zilikuwa haba. Uchunguzi wa mwaka 2009 ukashauri upandwe kama ua wa shamba tu. Tangu 2022 kiwanda cha kampuni ya mafuta ya Eni huko Makueni kinakamua mbegu zikiwamo za nyonyo, lakini mafuta yake husafirishwa hadi Gela, Italia.

Yamebaki mafuta machakavu. Yakichomwa mara nyingi hutoa moshi wenye akroleini, unaowasha macho na koo, na afadhali yaishie kwenye injini kuliko tumboni. Yana asidi nyingi, hivyo bila kutayarishwa kwanza, ile soda huyageuza sabuni. Hilo fundi analimudu. Kazi ni kuyapata: Kaplong mafuta ya jioni hayamwagwi. Huchujwa kwa kitambaa, yakaongezewa mapya kesho yake. Atakayeyataka itabidi amlipe mama yule zaidi ya karai moja la mandazi.