Chura, Chumvi na Tezi ya Shingo

Mwezi huu tunaanzia bwawani. Maji yake hayana chumvi nyingi, na chumvi ya mwilini mwa kiluwiluwi hupotea kidogo kidogo. Yeye huirudisha kwa matamvua. Akishakuwa chura, matamvua hayapo tena. Ngozi yenyewe ndiyo huivuta chumvi kutoka majini. Mwaka 1951, huko Denmark, Hans Ussing na Karl Zerahn waliipima kazi hiyo ya ngozi.

Ni nini huanzisha mageuzi hayo? Ni homoni ya tezi ya shingo. Mwaka 1912 Friedrich Gudernatsch aliwalisha viluwiluwi tezi ya farasi, nao wakageuka vyura mapema mno, wangali wadogo sana. Wengine, walioondolewa tezi na watafiti waliofuata, waliendelea kukua tu bila kugeuka.

Nasi tunayo tezi hiyo, nayo hutengeneza homoni yake kwa madini joto. Wengi wetu husubiri kuona rovu ndipo tushtuke. Kumbe mama mjamzito akiyakosa sana, mtoto aweza kudumaa akili au kuwa kiziwi angali tumboni.

Hatusemi mle chumvi nyingi! Tumieni kiasi kidogo, lakini iwe iliyotiwa madini joto. Ya bahari peke yake haitoshi. Ihifadhiwe katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na unyevu, na itiwe chakula kinapokaribia kuiva. Mwenye uvimbe shingoni aende zahanati akapimwe.