Usukani wa gemu: Kabla ya kukanyaga mafuta, funga meza

KWA mashabiki wengi wa soka, gemu maana yake ni pedi mbili, televisheni moja na ubishi wa nani achukue Real Madrid. Ukifungwa unaachia pedi, mwingine anakaa. Gemu za magari zina kifaa chake, na hicho hakipakatwi. Ni usukani wenye mota ndani, unaovuta, unaotikisika na kugoma kona kama wa gari lenyewe. Usipoufunga sawasawa, utapigana na meza badala ya kupigana na wapinzani.

Chukua sehemu kama Mogitu, wilayani Hanang, pale barabara ya Babati kwenda Singida inapoachana na ile ya Haydom. Ukitaka kuona Ligi Kuu ukiwa hapa, unapanda gari hadi Babati, Uwanja wa Tanzanite Kwaraa, ambako Fountain Gate wamecheza mechi zao za nyumbani. Mbio za magari hazina jirani wa namna hiyo. Kijana anayetaka kuonja udereva wa mashindano, njia iliyo karibu ni mezani nyumbani. Na meza yenyewe mara nyingi ni moja tu: mchana inaliwa ugali, jioni watoto wanafanyia hesabu.

Mtoto wa winga
Wanaodhani huu ni utoto wamuulize Jann Mardenborough. Baba yake, Steve, alikuwa mwanasoka wa kulipwa Uingereza, lakini kijana hakufuata mpira. Alicheza gemu ya Gran Turismo nyumbani, na mwaka 2011 akashinda GT Academy, shindano la kutafuta madereva kupitia gemu hiyo, akiwapita washiriki wapatao 90,000. Miaka miwili baadaye alikuwa kwenye Saa 24 za Le Mans, timu yake ikamaliza ya tatu katika daraja la LMP2. Mwaka 2023 maisha yake yakatengenezewa filamu.

Na wanasoka nao wamo. Mwaka 2020, korona ilipofunga viwanja, kipa Thibaut Courtois alishika usukani kwenye mbio za mtandaoni za Formula 1.

Tanzania nayo si ngeni kwenye magari. Bert Shankland, dereva aliyetokea hapa nchini, alitwaa Safari Rally mara mbili mfululizo, mwaka 1966 na 1967, akiwa na Peugeot 404. Yeye alipambana na tope la kweli. Wa mezani anapambana na skrubu.

Kilo zinazoning'inia
Kosa la kwanza ni kudhani usukani ni kitu cha kuweka tu. Usukani wa bei ya kawaida kama Logitech G29 una nguvu ya takriban nyutoni-mita 2. Kwa lugha ya sokoni, ni kama umening'iniza kilo moja na nusu pembeni mwa duara, halafu mtu anaivuta kushoto na kulia bila kuchoka. Zile ambazo mota imeshikana moja kwa moja na mhimili zinakwenda mbali zaidi. Fanatec CSL DD inafika nyutoni-mita 8, sawa na karibu kilo 6. Hiyo si mchezo. Meza yenye miguu legelege itacheza sindimba.

Ndiyo maana meza inachaguliwa kama beki wa kati: nzito, isiyoyumba. Mbao ngumu kama mninga ni salama. Mbao laini inafaa ikiwa nene. Meza ya vumbi la mbao lililogandishwa huvunjika kingo ikibanwa sana, na ya kioo usiiguse kabisa. Droo pia ni adui, kwa sababu huchukua nafasi ya vibanio chini na kusumbua magoti.

Kubana
Vibanio vifungwe karibu na mguu wa meza au juu ya papi ya chini, si katikati ambako ubao unabonyea. Kata vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, kimoja juu, kimoja chini, pale kibanio kinapogusa mbao. Mpira unazuia kuteleza na unalinda rangi isichubuke. Kama ubao ni mwembamba, weka kipande kingine cha mbao kwa chini ili mkandamizo usambae.

Kaza kwa zamu, kulia kidogo, kushoto kidogo, mpaka usukani usisogee ukiuvuta kwa mikono miwili. Hapo simama. Sehemu nyingi za vibanio ni plastiki. Anayekaza kwa hasira anavunja, na spea huku si ya kuipata dukani jirani.

Mwenye meza yake mwenyewe anaweza kumwita seremala atoboe na kufunga kwa boliti kutoka chini. G29 ina matundu ya boliti za M6. Pima kwanza kina cha tundu kwa njiti, kisha ongeza unene wa ubao. Boliti ndefu kupita kiasi itaingia kwenye matumbo ya kifaa.

Miguu nayo
Pedali zinasahaulika, kumbe breki ndiyo inayokanyagwa kwa nguvu kuliko vyote. Zifunge kwenye ubao, ubao uegemee ukuta. Kiti cha plastiki kitarudi nyuma kila ukishika breki, basi unganisha miguu yake na ubao wa pedali kwa mkanda au kamba ngumu. Ukikanyaga, kamba inakataa.

Waya zipite nyuma ya meza, zifungwe, zisikae njia ya watoto. Umeme ukiwashwa usukani utajizungusha wenyewe kutafuta katikati yake. Toa mikono, usishindane nao. Nguvu ianzie chini kwenye mipangilio ya gemu, kisha ipande taratibu. Baada ya mbio chache, kagua vibanio tena, maana mtikisiko hulegeza.

Anayeruka hatua hizi anajua siku moja tu: usukani unaanguka sakafuni katikati ya kona, na akiba ya miezi inakwisha bila hata kuona bendera ya mwisho.

Aliyefunga vizuri anajulikana jioni. Mama akisema, "Baba, nipe meza yangu nipakue," vibanio vinafunguliwa, mpira wa baiskeli unatolewa, na juu ya meza hakuna hata mkwaruzo. Kesho ruhusa ipo.