Kibao Kinaigika, Huduma Haiigiki

Anayetaka kuipa biashara yake sura mjini Kampala huelekezwa Barabara ya Nasser. Hapo, na katika Barabara ya Nkrumah iliyo jirani, wachapaji wamepangana mlango kwa mlango. Huyu anakata stika, yule anabana vitabu vya risiti, mwingine anatoa kadi za harusi, kalenda na yale mabango ya wanasiasa yaliyoifanya barabara hiyo ijulikane hadi ng'ambo. Kabla hujavuka upande wa pili, vijana wawili watatu wamekwisha kukudaka: "Ssebo (bwana), tukuchapie nini?" Ukifika asubuhi na jina tu kichwani, jioni unaondoka na kibao, fulana, kadi za biashara na mhuri.

Barabara hiyohiyo inasifika pia kwa nyaraka za kughushi. Mashine iliyochapa nembo yako haimjui mwenye nembo. Kesho anaweza kuja mtu mwingine na picha ya kibao chako kwenye simu yake, na kabla ya adhuhuri akawa na cha kwake, rangi ileile na herufi zilezile.

Wenye biashara ndogo wengi husahau jambo hili wanapotenga fedha za kujitangaza. Kila kinachochapwa kinaigika. Kisichoigika kirahisi ni namna mteja anavyopokewa leo, kesho na mwezi ujao bila kubadilika. Chapa ya biashara husimama pale anachokiona mteja kwenye kibao kinapolingana na anachokikuta kaunta, kila mara anapokuja.

Kampala ni mji mgumu kwa somo hili. Sera ya Uganda ya mwaka 2015 kuhusu biashara ndogo na za kati inaihesabu biashara yenye watu 5 hadi 49 kuwa ndogo, na yenye watu wasiozidi 4 kuwa ndogo kabisa. Ripoti ya Global Entrepreneurship Monitor ya mwaka 2014 ilikuta kwamba zaidi ya theluthi moja ya watu wazima nchini humo walikuwa wakianzisha biashara au kuendesha biashara changa. Lakini Uganda imekuwa pia miongoni mwa nchi ambazo biashara nyingi hufungwa mapema. Kuanza si tabu. Kudumu ndiyo kazi.

Pita Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla, au ingia kwenye majengo ya maduka katikati ya mji, uone sababu moja. Maduka kumi yanauza viatu vilevile, vya mzigo uleule kutoka Guangzhou, kwa bei zinazopishana kidogo tu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli, ila penye vizuri kumi vinavyofanana, kizuri hakijiuzi tena. Mteja humchagua anayemkumbuka, na humkumbuka aliyemtendea jambo lilelile jema zaidi ya mara moja.

Rangi ya nani?

Tazama vibanda vya mitaani. Kimoja cha njano, kingine chekundu, cha tatu chenye soda kubwa iliyochorwa ukutani. Kampuni za simu na za vinywaji hutoa rangi na mchoraji bure, na mwenye duka hufurahi. Jina lake huandikwa kwa herufi ndogo pembeni, au halipo kabisa. Akiulizwa duka lake liko wapi, anasema, "Lile la njano," na mtaa mzima una maduka ya njano.

Sisemi rangi hizo zikataliwe. Rangi ya bure ni msaada kwa mwenye mtaji mdogo. Ila afanye mapatano kabla ya brashi kuanza: jina lake likae juu ya mlango, kwa ukubwa unaosomeka kutoka upande wa pili wa barabara. Halafu jina hilo lifanane kila mahali. Kuna sehemu moja inayosahaulika sana, nayo ni malipo ya simu. Tangu MTN ianzishe huduma ya fedha kwa simu nchini Uganda mwaka 2009, wateja wamezoea kutazama jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kuweka namba ya siri. Kibao kikisema duka fulani na skrini ikatoa jina la shemeji, mteja husita. Kusita huko ni doa kwenye chapa, na dawa yake ni kusajili namba ya malipo kwa jina la biashara.

Funzo la helmeti ya chungwa

Mfano ulio wazi zaidi Kampala ni SafeBoda, iliyoanzishwa mwaka 2014. Mmoja wa waanzilishi wake, Ricky Rapa Thomson, alikuwa mwendesha bodaboda. Bodaboda zilikuwa tele mjini, na abiria hakuwa na njia ya kumtofautisha mwendeshaji makini na asiye makini. Kampuni ikaleta helmeti na vizibao vya rangi ya chungwa, na mji ukavitambua upesi.

Hata hivyo, rangi peke yake isingefika mbali. Mwendeshaji alifundishwa usalama barabarani na huduma ya kwanza. Alibeba helmeti ya pili kwa ajili ya abiria. Nauli ilionekana kwenye programu ya simu, kwa hiyo hapakuwa na kuvutana bei kila asubuhi. Helmeti ikawa ishara ya mambo matatu ambayo abiria angeyapata kwa mwendeshaji yeyote: mafunzo, kichwa kilichofunikwa na bei iliyojulikana.

Hapo ndipo penye hatari pia. Mwendeshaji anapovaa helmeti ileile na kuchukua abiria nje ya programu, bei inarudi kuwa ya kuvutana na safari haina kumbukumbu. Abiria akiumia au akidhulumiwa, hakumbuki kama programu ilikuwa imewashwa, anaikumbuka rangi. Ndivyo ilivyo pia kwa duka lenye wafanyakazi watatu. Mmoja akimjibu mteja vibaya, mteja hasemi "yule kijana". Anasema "lile duka".

Foleni ya Wandegeya

Jambo hili halihitaji mtaji wa kampuni. Nenda Wandegeya jioni, karibu na Chuo Kikuu cha Makerere, ukawatazame wauza roleksi. Wote wana jiko la mkaa, kikaango bapa, trei ya mayai na rundo la chapati. Muuzaji huvunja mayai ndani ya kikombe cha plastiki, hukatia kitunguu, nyanya na kabichi, hutia chumvi, hukoroga kwa kijiko, humwaga kwenye mafuta ya moto, hufunika kwa chapati, hugeuza na kukunja. Dakika chache, kazi imekwisha.

Bado utaona mmoja ana foleni na jirani yake anawapungia wapita njia mkono. Mtazame yule wa foleni. Chapati zake zina upana mmoja. Mayai mawili kwake ni mawili, yanavunjwa mbele ya macho yako. Anayepika hapokei pesa, anapokea mwenziwe. Mteja wa kila siku hasemi kitu, anaulizwa tu, "Kama jana, nyabo (bibi)?" Saa ya kuwasha jiko haibadiliki, wala kona haibadiliki. Hana nembo, lakini chapa anayo: wanafunzi wanamwelekeza mgeni kwake kwa jina.

Fundisho la hapo ni kwamba uthabiti huanzia kwenye kipimo. Mwenye saluni aamue kusuka kunachukua muda gani na nini kimo ndani ya bei. Mwenye mgahawa aamue kijiko kipi kinapakua wali, na kisibadilishwe mwisho wa mwezi pesa zikipungua. Mteja akipewa kingi leo na kidogo kesho, hukikumbuka kile kidogo. Hata nyongeza, ile ndizi ya ziada au fungu dogo la nyanya ambalo mnunuzi wa sokoni Kampala hulidai kama haki yake, iwe na utaratibu. Ukimpa mmoja na kumnyima aliye nyuma yake, umemuudhi wa pili zaidi ya ulivyomfurahisha wa kwanza.

Fundi na siku ya kwanjula

Kwa biashara za huduma, kipimo kikubwa ni wakati. Chukua fundi anayeshona gomesi, vazi la heshima la wanawake. Vazi hilo limebeba jina la fundi: Gomes, mshonaji Mgoa anayetajwa kulibuni mwaka 1905 kwa ajili ya wasichana wa shule ya Gayaza. Zaidi ya karne imepita, na jina lake bado linavaliwa kila Jumamosi kwenye kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi.

Mama anayepeleka kitambaa kwa fundi wa leo hanunui mshono tu. Ananunua Jumamosi hiyo. Fundi akimwambia "njoo kesho" mara tatu, hata mshono uwe mzuri namna gani, habari itakayosimuliwa ukweni ni ya usumbufu. Anayetaka jina aandike tarehe kwenye risiti, siku mbili kabla ya ile mteja anayoihitaji. Umeme ukikatika au msaidizi akiugua, apige simu yeye kabla hajapigiwa. Mteja wa Kampala anaijua mvua, foleni na giza. Hakasirishwi sana na tatizo. Kinachomkasirisha ni kupanda bodaboda kutoka Ntinda, akalipa nauli, akakuta kitambaa chake hakijakatwa.

Kanuni hiyohiyo iende kwenye simu. Wengi huweka picha ya bidhaa mtandaoni na kuandika kwamba bei itatolewa faraghani. Mteja anahisi anapimwa mfuko kabla ya kutajiwa bei. Taja bei, au taja inaanzia wapi. Weka saa za kujibu ujumbe na uziheshimu. Kama ulisema unafungua saa mbili asubuhi, kufuli isikutwe mlangoni saa tatu.

Ukurasa mmoja ukutani

Mwenye duka akiwepo, huduma huwa nzuri. Akisafiri kwenda msibani kijijini, wateja wanaanza kuulizia, "Mwenyewe yuko wapi?" Swali hilo ni dalili kwamba ubora uko kichwani mwa mtu mmoja. Uandikwe. Ukurasa mmoja unatosha, ubandikwe nyuma ya kaunta: mteja anasalimiwa vipi kabla ya kuulizwa anataka nini, nani anaruhusiwa kupunguza bei na kwa kiasi gani, simu ikilia anapokea nani, bidhaa ikirudishwa na kasoro inabadilishwa au pesa inarudi, ndani ya siku ngapi, rangi na maandishi ya biashara ni yapi, ili fulana zijazo zisitoke za buluu ilhali kibao ni cha kijani.

Salamu isidharauliwe. Kampala, mtu mzima asiyeitwa ssebo au nyabo huona amedharauliwa kabla hata hajatazama bidhaa. Na kwa kuwa mji huu hupokea wafanyabiashara kutoka Goma, Juba, Mwanza na Eldoret, msaidizi anayeweza kusema "Karibu, mama" kwa Kiswahili safi ana thamani yake. Baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022. Wenye maduka ya Kikuubo walikijua zamani kwa sababu kinauza.

Kando ya ukurasa huo liwekwe daftari la malalamiko. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wateja nao vilevile. Wengi hawagombi, hununua kwa jirani kimya kimya. Anayelalamika amekupa nafasi ya pili. Andika tarehe, kosa na lilivyorekebishwa, kisha kila mwisho wa mwezi usome. Kosa likitokea mara tatu, tatizo si mteja mkorofi tena. Namba za simu za wateja unazoziandika humo zitunzwe pia: Uganda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu mwaka 2019, na mteja aliyeacha namba ili aitwe vazi likiwa tayari hakuomba matangazo kila alfajiri.

Linda jina

Huduma ikishakaa sawa, jina huanza kuwa mali, na mali hulindwa. Ofisi ya usajili ya Uganda, URSB, iliyopo Kololo, husajili mambo mawili yanayochanganywa mara nyingi. Kusajili jina la biashara kunakutambulisha wewe kama mfanyabiashara. Hakukupi umiliki wa nembo. Nembo husajiliwa kwa Sheria ya Alama za Biashara ya mwaka 2010. Ombi hutangazwa kwa siku 60 ili mwenye pingamizi ajitokeze, na likipita, usajili hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Fanya utafutaji wa jina kabla ya kwenda Barabara ya Nasser, usije ukalipia kibao mara mbili. Anayeuza chakula kilichofungashwa au vipodozi apite pia shirika la viwango, UNBS, kwani alama yake ya ubora humtuliza mnunuzi asiyekufahamu.

Cheti cha URSB kitakusaidia mahakamani. Lakini hakitamrudisha mteja dukani. Kwa hiyo wiki hii, kabla ya kuagiza fulana mpya, fanya mambo mawili yasiyo na gharama. Mtume ndugu asiyejulikana na wafanyakazi wako akanunue kitu dukani kwako siku ambayo hupo, kisha akueleze kila alichokiona. Halafu keti uandike ule ukurasa mmoja. Ukiona huwezi kuandika mteja wako atakuta nini akija kesho, basi bado huna chapa. Una kibao tu.