Finjani, Kashata na Ubongo Unaozoea

Anayekunywa kahawa chungu barazani, iwe Mji Mkongwe wa Unguja au mitaa ya kale ya Mombasa, hapewi kikombe kikubwa. Hupewa finjani: kahawa ya kunywewa kwa mikupuo michache, isiyo na sukari wala maziwa, na pembeni kipande cha kashata au tende. Anakunywa kidogo, anauma kashata, anachangia mazungumzo, anarudi kwenye kahawa. Ikiisha, muuzaji humimina nyingine kutoka kwenye dele lililokaa juu ya makaa. Naamini mpangilio huu ni miongoni mwa mbinu bora zilizopata kubuniwa za kuuzuia ubongo usiizoee raha, na sayansi ya milango ya fahamu inanipa sababu za kuamini hivyo.

Tuanze na huko kuzoea. Kazi kubwa ya seli za neva ni kupeleka habari za mabadiliko. Jambo likidumu vilevile, nazo hupunguza sauti. Mwaka 1804 daktari Ignaz Troxler, mzaliwa wa Uswisi, alieleza jambo ambalo msomaji anaweza kulijaribu sasa hivi. Kaza macho kwenye nukta moja ukutani bila kuyahamisha. Baada ya muda vitu hafifu vilivyo pembeni huanza kufifia, vingine hutoweka kabisa, ingawa havijaondoka na mwanga wake bado unaingia jichoni. Pua huzoea upesi pia. Mgeni anayeingia nyumba iliyofukizwa udi huusikia tangu mlangoni, ilhali wenyeji walioketi ndani hawausikii tena.

Raha nayo haiepuki sheria hiyo. Mwaka 1978 Philip Brickman na wenzake walichapisha utafiti uliowahoji watu 22 wa Illinois, Marekani, walioshinda bahati nasibu. Washindi walipoulizwa wanapata furaha kiasi gani katika mambo madogo kama kula kifungua kinywa au kuzungumza na rafiki, majibu yao yalikuwa ya chini kuliko ya majirani wasioshinda kitu. Kundi lilikuwa dogo, na tafiti kubwa za baadaye nchini Sweden zimeonyesha kwamba ushindi huongeza kuridhika na maisha kwa miaka mingi. Lakini hoja ya mambo madogo ilirudi kwa njia nyingine mwaka 2010, pale Jordi Quoidbach na wenzake walipowapa watu chokoleti baada ya kuwaonyesha picha. Walioona picha ya fedha waliila haraka zaidi, na nyuso zao zilionyesha furaha ndogo. Picha tu ya fedha ilitosha kuwapunguzia utamu uliokuwa tayari mdomoni.

Sasa turudi kwenye finjani, maana humo mna mengi. Kahawa iliyokaangwa hutoa kemikali za harufu zaidi ya 800. Binadamu ana aina zipatazo 400 za vipokezi vya harufu puani. Linda Buck na Richard Axel walitangaza ugunduzi wa jeni za vipokezi hivyo mwaka 1991 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Harufu nyingine huingia kwa matundu ya pua, nyingine hupanda kutokea kooni wakati wa kutafuna na kumeza, na sehemu kubwa ya ladha hutokana na njia hii ya pili. Bana pua, uma kashata ya karanga yenye iliki: utapata utamu wa sukari na ugumu wa karanga. Achia pua, na papo hapo karanga na iliki zinajitokeza. Kama kahawa imetiwa tangawizi, moto wake kooni hauhusiani na ladha wala harufu. Tangawizi huamsha kipokezi kilekile kinachohisi joto la kuunguza na ukali wa pilipili, ambacho maabara ya David Julius ilikitambua mwaka 1997.

Yote haya hupita bila kuonekana akili ikiwa kwingine. Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Harvard walitumia programu ya simu kuwauliza watu 2,250, kwa nyakati za kushtukiza, wanafanya nini, wanawaza nini na wana furaha kiasi gani. Karibu asilimia 47 ya mara walizoulizwa, akili ilikuwa imetangatanga, na watu hao walikuwa na furaha ndogo kuliko walipokuwa wamezama katika walichokifanya, hata kama kazi yenyewe haikuwapendeza.

Namna ya kuelekeza akili nayo ina uzito. Fabian Grabenhorst na Edmund Rolls wa Oxford waliwapa watu kimiminika kilekile huku wakipiga picha za ubongo. Waliotakiwa kuzingatia jinsi ladha inavyopendeza waliamsha zaidi sehemu ya mbele ya ubongo iliyo juu ya macho, inayohusika na thamani ya raha. Walipotakiwa kuzingatia ukali wake, sehemu nyingine ndiyo iliyochangamka.

Mapumziko pia husaidia. Leif Nelson na Tom Meyvis waligundua mwaka 2008 kwamba masaji iliyokatizwa kidogo katikati iliwafurahisha watu kuliko iliyoendelea moja kwa moja. Ndiyo maana naisifu kashata: inaukatiza uchungu kabla ulimi haujauzoea, kisha kahawa inaukatiza utamu.

Sitaki mtu aliyezongwa na huzuni nzito aambiwe anuse kahawa apone. Huyo anahitaji tiba na watu wa karibu, na aliyekosa chakula anahitaji chakula.

Hata hivyo umakini wa milango ya fahamu umefika hadi hospitali. Huko Dresden, Ujerumani, Thomas Hummel na wenzake walichapisha mwaka 2009 matokeo ya wagonjwa waliopoteza uwezo wa kunusa. Walitakiwa kunusa kwa makini harufu nne asubuhi na jioni kwa wiki 12: waridi, mkaratusi, limau na karafuu. Waliofanya zoezi hilo waliboreka kuliko wasiolifanya, na baada ya janga la Uviko-19 madaktari wa nchi nyingi wamelipendekeza kwa waliopoteza uwezo wa kunusa. Seli za kunusia huzaliwa upya katika maisha yote ya mtu, na karafuu zinapatikana katika duka lolote la viungo.