Andika Mara Mbili

Mama anayekuja kwangu kujifunza kuandika maisha yake ili yasomwe kwenye intaneti huwa ameshayasimulia mara nyingi. Ameyasimulia jikoni akichambua maharage na jirani, ameyasimulia kwenye matanga, ameyasimulia ufukweni alfajiri wakati wachuuzi wanangoja mitumbwi ya samaki wadogo wa sambaza. Hapa Bukavu kusimulia hakufundishwi. Kigeni ni kutomwona anayesikiliza. Jikoni, jirani akikunja uso unaruka sehemu ile, shemeji akiingia unageuza mazungumzo, ukimaliza unasema, "Hayo yabaki hapa." Msomaji wa intaneti humwoni usoni, hujui ni shemeji wa nani, na hujui atakusoma mwaka gani.

Kwa hiyo somo langu la kwanza, kabla ya kugusa kompyuta, ni kwamba kila habari ya maisha iandikwe mara mbili. Andiko la kwanza ni la mwenyewe, la pili ni la watu. Wengi hudhani la pili ni lile la kwanza lililosafishwa tahajia. Sivyo. Kila moja lina kazi yake, na kile kinacholipa la kwanza nguvu ya kutuliza moyo ndicho kinacholifanya la pili liwe hatari.

Nianze na la kwanza. Mwaka 1986 wanasaikolojia wawili wa Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall, walitoa matokeo ya jaribio dogo. Wanafunzi wa chuo kikuu waliandika dakika 15 kila siku kwa siku 4. Baadhi waliandika mambo ya kawaida, wengine jambo lililowaumiza kuliko yote. Walioandika tukio pamoja na walivyohisi walitoka chumbani wakiwa wazito wa moyo, lakini miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Tafiti nyingi za baadaye zimeonyesha kwamba faida hiyo ipo ila ni ndogo, na si kila mtu anaipata. Mimi nimeshika jambo moja ambalo watu hulipita haraka: karatasi zile hazikuwekwa mbele ya hadhira. Hakuna aliyempongeza mwandishi wala kumpa pole. Kilichosaidia kilitokea kati ya mtu na karatasi yake.

Karibu zaidi na kwetu ipo tiba ya masimulizi iliyobuniwa na Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert. Walioipokea mwanzoni ni pamoja na wakimbizi nchini Uganda, wakiwemo wa Nakivale, na baadaye ilitumika huku mashariki ya Kongo, hata kwa vijana waliowahi kuwa katika makundi yenye silaha. Mtu hutandaza kamba sakafuni. Ncha moja ni siku aliyozaliwa. Juu yake anaweka ua kwa kila jambo jema lililompata na jiwe kwa kila baya, kwa kufuata miaka. Halafu husimulia, na mshauri humrudisha polepole kwenye mambo madogo: ilikuwa saa ngapi, mlango ulitazama wapi, ulisikia harufu gani, mikono yako ilikuwa inafanya nini. Maswali hayo yana sababu. Kumbukumbu ya hofu kubwa hukaa vipande vipande, haina tarehe wala mahali. Ndiyo maana mtu aliyekuwa mjini hapa mwezi Juni 2004, waasi walipouteka mji, anaweza kusikia pikipiki ikilipua moshi barabarani leo, na mwili wake ukalala chini kabla akili haijauliza ni nini. Tukio likishapewa saa yake na chumba chake, linaanza kuwa la zamani.

Tiba hiyo hufanywa na mtu aliyefunzwa, ana kwa ana, kwa vikao kadhaa. Asiifanye mtu peke yake usiku wa manane na simu mkononi. Hata hivyo andiko la kwanza linaazima roho yake: weka tarehe, weka majina, weka rangi ya kitenge, weka ulichosema na ulichotamani kusema. Daftari lipokee vyote. Na asiyetaka kulijaza asilazimishwe. Mwaka 2013 jarida la tiba la New England lilichapisha utafiti uliofanywa katika vijiji vya Kivu Kusini na Kivu Kaskazini, kwa wanawake 405 walionusurika ukatili wa kingono. Waliokaa katika vikundi vya tiba ya fikra walipata nafuu kubwa kuliko waliosaidiwa mmoja mmoja kwa njia ya kawaida, na tiba ile haikumtaka mama yeyote asimulie kwa kina yaliyompata. Nalirudia hili darasani kila mara, kwa sababu kuna watu wema wanaomsukuma mwenzao, "Sema, utapona." Anayenyamaza anaweza kupona vilevile.

Sasa andiko la pili. Yale yote tuliyoyadai kwenye daftari, yaani saa, mlango, jina na kitenge, sasa ndiyo tunayoyapima moja moja kwenye mizani. Watu hudhani kubadilisha jina kunatosha. Mchukue mjane, fundi cherehani, mwenye watoto 6 na pacha kati yao, anayepanga upande wa juu wa mtaa wa Essence na kuimba kwaya ya kanisa fulani. Jina limefichwa kabisa, na mtaa mzima umeshamjua. Kila kipande peke yake kinawafaa watu elfu. Vikikutana vinne au vitano vinabaki na mtu mmoja. Kwa hiyo natoa kanuni rahisi: bakiza vipande viwili, vilivyobaki vifiche au uviseme kwa ujumla. Kuficha si kudanganya. Usimfanye fundi kuwa muuguzi. Sema tu kwamba anaishi kwa kazi ya mikono.

Picha nayo ina maneno yake. Simu nyingi, zikiruhusiwa, huandika ndani ya faili mahali picha ilipopigwa, kwa vipimo vya kufikisha mgeni mlangoni. Baadhi ya tovuti hufuta alama hizo, nyingine haziziondoi, na anayetuma picha kama faili huzituma pamoja nayo. Zima kibali cha mahali kwenye kamera kabla hujapiga. Halafu tazama nyuma ya uso wako: ukuta, bango la shule, ghuba ya ziwa. Mtu wa Bukavu akiona kipande cha rasi ya La Botte nyuma ya bega lako anajua umesimama kilima gani.

Na kufuta? Unaweza kufuta ukurasa wako, huwezi kufuta nakala. Hifadhi ya Internet Archive imekuwa ikinakili kurasa za dunia tangu 1996, na kabla yake au baada yake kuna yule aliyepiga picha ya kioo cha simu akaituma kwenye kikundi cha ukoo. Ndiyo maana siulizi, "Je, unaogopa?" Nauliza, "Aliyeshika mji akibadilika, andiko hili litasomwaje?" Hilo si swali la kubuni. Februari 2025 mji huu uliingia mikononi mwa waasi wa M23, na maneno ambayo mtu aliyaandika miaka mitano nyuma akiwafikiria wasomaji wa mbali, ghafla yakawa na wasomaji wa karibu. Ujasiri wa siku ya kuandika haukuyafunika.

Mahakama zetu zimelijua hitaji hili la kumficha anayesimulia kabla ya wengi wetu. Sheria namba 06/019 ya 20 Julai 2006 inawataka mwendesha mashtaka na hakimu walinde usalama, heshima na faragha ya aliyetendewa ukatili wa kingono. Katika kesi ya kijiji cha Kavumu, iliyohukumiwa Desemba 2017 kuhusu watoto wa kike walioibwa usiku na kubakwa, watoto hawakupandishwa kizimbani; mahojiano yao yaliyorekodiwa ndiyo yaliyotumika, na mashahidi wengine walifunikwa nyuso na kubadilishwa sauti. Hukumu zilitoka, washitakiwa kadhaa wakafungwa maisha, bila mtaa kuonyeshwa uso wa mtoto. Ukweli haukupungua kwa kuvaa kitambaa.

Andiko la pili huvuka pia kutoka lugha moja hadi nyingine. Mtu anasimulia kwa Kimashi, anaandika Kiswahili, tovuti inataka Kifaransa au Kiingereza. Septemba 2015 serikali ilizuia filamu ya Thierry Michel kuhusu daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, na hoja iliyotolewa ni kwamba maneno ya wanawake waliosimulia yalitafsiriwa vibaya ili kuwachafua wanajeshi. Mwezi uliofuata katazo liliondolewa. Wanawake walisema jambo, halafu wanaume wakabishana juu ya walichosema. Ukiandika kwa lugha yako, acha maandishi ya asili yakae juu ya tafsiri, pale pale. Na tafsiri ya mashine isomwe na mtu anayekupenda.

Baada ya tahadhari zote hizi, mtu ana haki ya kuuliza: kwa nini basi andiko la pili liwepo? Mimi nimekulia mji ambao umelijibu swali hilo kwa matendo. Chouchou Namegabe, aliyeanzia Radio Maendeleo, na wenzake wa chama cha wanawake wanahabari wa Kivu Kusini kilichoundwa 2003, walipeleka sauti za walionusurika hewani wakati neno lenyewe lilikuwa mwiko. Namegabe amewahi kueleza kwamba iliwabidi waazime "ubakaji" kutoka Kiswahili cha Tanzania, kwa sababu lugha ya nyumbani ilikuwa inazunguka tu pembeni. Kisha mwaka 2012 Neema Namadamu, mwana wa nyanda za juu za Itombwe aliyepata polio utotoni, alifungua hapa Bukavu chumba cha kompyuta cha Maman Shujaa. Akina mama waliokuwa hawajawahi kugusa kipanya walijifunza kuandika na kuweka habari zao kwenye tovuti ya World Pulse, wakasomwa na kujibiwa na wanawake wa nchi nyingine. Ombi lao kwa serikali ya Marekani juu ya vita vya Kongo lilipata saini zaidi ya 100,000. Mtu aliyedhani jiwe lake ni la pekee aliona kamba za wengine.

Lakini nina huzuni moja kuhusu wasomaji, na nitaisema. Wengi hutujia wakitafuta mawe tu. Mwandishi akilijua hilo, hata bila kuambiwa, anaanza kuyapanga mawe yake makubwa mbele kama mchuuzi anavyopanga nyanya nzuri juu. Anayesoma ana sehemu yake katika hili. Usiulize walikuwa wangapi. Usidai ushahidi, wewe si mahakama. Usisambaze kabla ya kumwomba mwenyewe ruhusa. Ukijibu, taja kitu kimoja ulichokiona ndani ya andiko lake, kwani "pole sana" peke yake haimwonyeshi kwamba umesoma.

Mwanafunzi wangu mmoja alitandaza kamba iliyojaa mawe. Aliyaandika yote kwenye daftari, na daftari analiweka anakojua mwenyewe. Kwa ukurasa wa nje alichagua ua: siku aliyonunua mashine ya kushona kwa zamu yake ya likelemba. Wiki iliyofuata alikuta maswali matatu kutoka kwa watu asiowajua, na yote matatu yaliuliza likelemba ni nini. Akavuta kiti, akaanza kuandika: tuko kumi, kila Jumamosi kila mmoja anatoa kiasi kile kile, na wa kwanza kupokea huchaguliwa kwa kuzingatia nani ana mgonjwa nyumbani.