Chumvi ya bahari adui mkuu wa taa za pikipiki Kiunga

KIUNGA, mji mdogo wa wavuvi ulioko Lamu Mashariki karibu na mpaka wa Kenya na Somalia, ni mahali ambapo pikipiki isiyo na taa huhatarisha maisha ya mwendeshaji na abiria wake. Njia za kuelekea vijiji jirani kama vile Ishakani na Mkokoni ni za mchanga na hazina taa za barabarani. Jua likitua, punda na wanyamapori huzivuka bila kumngoja mtu.

Aidha, eneo hilo limeshuhudia doria za vikosi vya usalama tangu Septemba 2015, serikali ilipoanzisha Operesheni Linda Boni dhidi ya wapiganaji wa Al-Shabaab. Pikipiki inayokaribia kizuizi gizani bila taa huweza kushukiwa kabla mwendeshaji hajapata nafasi ya kujieleza. Na mama mjamzito anaposhikwa na uchungu usiku, taa hiyo moja ndiyo inayoamua iwapo safari ya kwenda zahanati itawezekana.

Hata hivyo, wengi taa inapozimika hukimbilia kununua balbu mpya. Ikiungua au ikififia tena, hununua nyingine. Desturi hiyo ni ghali mahali ambapo vipuri huletwa kutoka Lamu au Mokowe kwa mashua, au kwa barabara ya msitu wa Boni ambayo imewahi kushambuliwa mara kadhaa. Wakati wa kusi, bahari inapochafuka, kifaa kidogo huweza kusubiriwa kwa siku nyingi.

Ukweli ni kwamba mara nyingi balbu haina kosa. Kosa liko katika njia ya umeme.

Umeme wa pikipiki ndogo au skuta hutoka kwenye betri au kwenye koili za injini, hupitia swichi na waya hadi kwenye balbu, kisha hurudi kupitia waya wa ethi na bodi ya chuma. Njia hiyo ikikatika popote, taa huzimika. Ikizibwa kidogo tu, taa hufifia.

Hapo ndipo chumvi ya bahari inapofanya uharibifu. Chumvi hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu huo wenye chumvi hula shaba na chuma. Maungio ya waya huota ukoga wa kijani, nayo bolti inayofunga ethi kwenye bodi hushika kutu. Umeme hupita kwa shida.

Hesabu yake ni rahisi. Balbu ya wati 35 katika mfumo wa volti 12 huvuta karibu ampea 3. Maungio yenye ukinzani wa ohmu 1 pekee huipokonya zaidi ya volti 2, na kwa kupungua huko mwangaza hushuka hadi karibu nusu. Mwenye pikipiki hudhani balbu imechoka, kumbe ni kutu.

Kwa sababu hiyo, uchunguzi unapaswa kuanza na mambo yasiyogharimu chochote. La kwanza ni kutambua ni taa zipi zilizokufa. Ikiwa taa zote, honi na indiketa vimezimika kwa pamoja, kuna uwezekano mkubwa kuwa tatizo ni fyuzi, betri au swichi ya ufunguo. Ikiwa ni taa moja tu, ichunguzwe balbu yake, soketi yake na waya wake.

La pili ni kujua taa ya mbele inapata umeme wapi. Katika pikipiki nyingi ndogo, taa hiyo huwaka injini inaponguruma tu, na huongezeka mwanga kadiri mafuta yanavyoongezwa. Taa ya aina hiyo hulishwa moja kwa moja na koili za injini, kwa hivyo kubadilisha betri hakutaisaidia. Ndiyo maana pia baadhi ya balbu za LED zilizotengenezwa kwa umeme wa betri humetameta zikiwekwa humo.

Taa ikiwa imefifia, kuna jaribio moja linaloweza kufanywa hata bila mita. Kipande cha waya huunganishwa kutoka sehemu ya ethi ya taa hadi ncha hasi ya betri. Mwanga ukiongezeka papo hapo, kosa ni la ethi. Bolti ifunguliwe, sehemu hiyo isuguliwe kwa msasa hadi chuma king'ae, ifungwe tena kwa nguvu na kupakwa grisi.

Taa ikiwaka na kuzima usukani unapogeuzwa, kuna waya uliokatika ndani ya ganda lake karibu na shingo ya pikipiki, mahali panapokunjwa kila mara. Kwa skuta kazi huwa ndefu kidogo, kwani waya hizo zimefichwa nyuma ya plastiki ambazo ni lazima zifunguliwe kwanza.

Balbu zikiungua mara kwa mara, hasa injini inapovutwa sana, anayeshukiwa ni rektifaya, kifaa kinachobadilisha na kudhibiti umeme wa injini. Hapa mita ya umeme inahitajika. Betri iliyojaa huonyesha karibu volti 12.6 injini ikiwa imezimwa. Injini ikiendeshwa kwa kasi ya wastani, kipimo kinafaa kupanda hadi kati ya volti 13.5 na 14.5. Kikipita volti 15, rektifaya imeshindwa kuudhibiti umeme. Kikibaki chini ya volti 13, betri haichajiwi ipasavyo.

Indiketa ya upande mmoja ikipepesa haraka kuliko kawaida, aghalabu balbu moja ya upande huo imeungua au haishiki. Taa ya breki nayo huwa na swichi mbili, ya mkono na ya mguu. Ikiwaka kwa moja na kukataa kwa nyingine, balbu ni nzima na swichi ndiyo mbovu.

Kuna makosa mawili ambayo yameteketeza pikipiki nyingi. Moja ni kuziba nafasi ya fyuzi kwa kipande cha waya au karatasi ya sigara. Fyuzi huungua ili kuokoa waya; ikiungua tena baada ya kubadilishwa na nyingine ya kiwango kilekile, kuna waya uliochubuka unaogusa bodi, na ni lazima utafutwe. Kosa la pili ni kufunga balbu yenye wati nyingi kuliko kiwango kilichowekwa na mtengenezaji. Joto lake huyeyusha soketi na kulemea koili.

Kinga ya yote ni usafi. Pikipiki iliyopita ufuoni ioshwe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, na bila kurusha maji kwa nguvu kwenye swichi. Ikishakauka, waya wa ncha hasi ya betri ufunguliwe kwanza, kisha maungio yasafishwe na kupakwa mafuta ya mgando au grisi, na betri iunganishwe tena mwishoni. Kazi hiyo ikifanywa kila baada ya miezi michache, na hasa kabla ya mvua za masika, chumvi hukosa pa kuanzia.

Mhudumu wa bodaboda anayefanya safari za usiku hahitaji kubeba karakana nzima. Balbu moja, fyuzi mbili za kiwango sahihi, kipande cha msasa na mita moja ya waya huenea chini ya kiti, na kwa hitilafu nyingi hivyo vinatosha kumfikisha yeye na abiria wake nyumbani.